Merikebu za Matembezi na Adabu za Nyumba ya Kiislamu



Zamani mtu wa pwani akisikia kwamba jamaa yake amepanda merikebu kwenda Jedda, hakuwa na haja ya kuuliza anakwenda kufanya nini. Jedda ni mlango wa Makka, na aliyeelekea huko kwa bahari alikuwa akienda Hijja. Leo khabari hiyo yataka kuulizwa mara ya pili. Tangu Disemba 2024 imeonekana merikebu kubwa iking'oa nanga katika bandari ya Jedda, na abiria wake hawakuvaa ihramu. Wamechukua nguo za kuogelea na mizigo ya matembezi, kwani safari yao ni ya kustarehe.

Hatuandiki haya kwa kuwalaumu watu hao. Uislamu haukumkataza mja kupumzika, wala haukumharimishia kuiona ardhi na bahari ya Mola wake. Lakini familia zetu sasa zazisikia sana khabari za merikebu hizi. Vijana huziona picha zake katika simu zao, na wengine wana jamaa Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba ambao wamekwisha kuzipanda. Baba mwenye uwezo huulizwa na wanawe, "Na sisi tutakwenda lini?" Kwa hiyo tumeona yafaa tueleze mambo yalivyo ndani ya merikebu hizo, yaani vyumba vyake, meza zake na starehe zake, kisha tutazame yapi ya kuchukuliwa na yapi ya kuachwa.

Wanazuoni wa lugha wamesema kwamba safari imeitwa kwa jina hilo kwa sababu huzifunua tabia za watu. Na imepokewa kuwa Sayyidna Umar, Mungu amuwiye radhi, mtu alipomsifu mwenzake mbele yake, alimuuliza kama amepata kusafiri naye. Kipimo hicho ndicho tutakachokitumia katika makala haya.

MJI ULIO JUU YA MAJI

Msomaji ambaye hakuziona merikebu hizi asidhani kwamba ni kama meli ya kwenda Unguja au Pemba. Icon of the Seas, iliyojengwa Turku katika nchi ya Finland na kuanza safari zake Miami mnamo Januari 2024, ina urefu wa mita 365 na sitaha 20. Yaweza kuchukua abiria mpaka 7,600, na watumishi wake ni 2,350. Kwa kipimo cha tani za ujazo ni 248,663, na Titanic iliyozama mwaka 1912 ilikuwa tani 46,328 tu. Basi ingekuwa lazima kuzikusanya Titanic tano na zaidi ili kuufikia ukubwa wa merikebu hii moja. Ndani yake mna mabwawa saba ya kuogelea, mabomba sita makubwa ya kuteleza majini, maduka, kumbi za michezo na migahawa mingi.

Ile iliyotoka Jedda huitwa Aroya. Nayo ni kubwa, ingawa haifiki hapo. Urefu wake ni mita 335, ina tani za ujazo 150,695, na vyumba 1,678 vya kulala abiria. Mwenye nayo ni Cruise Saudi, kampuni iliyo chini ya mfuko wa uwekezaji wa dola ya Saudia. Imekwenda katika bandari za Bahari ya Sham, kama vile Sharm el-Sheikh na Aqaba, na katika majira ya joto ya mwaka 2025 ilifanya safari zake kutoka Istanbul.

Lakini khabari ya Aroya iliyo kubwa kuliko kipimo chake ni historia yake. Haikujengwa kwa ajili ya Waislamu. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikamalizika mwaka 2017, na jina lake la kwanza lilikuwa World Dream. Aliyeijengesha alikuwa Genting Hong Kong, na jina la Genting lajulikana sana katika Asia kwa nyumba za kamari. Kamari na ulevi vilikuwa miongoni mwa biashara za merikebu ile. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilifilisika, na merikebu ikauzwa. Wenyeji wake wapya wakaifanyia kazi upya, kamari ikaondolewa, pombe ikapigwa marufuku, chakula kikawa ni cha halali, pakatengwa mahali pa sala, na wanawake wakawekewa mahali pao peke yao.

Hapa pana mazingatio. Chuma ni kile kile, injini ni zile zile, na mabwawa ni yale yale. Chuma hakina dini. Ni binadamu anayekitumia ndiye mwenye dini, naye ndiye atakayeulizwa. Wale wanaotuambia kwamba starehe haipatikani ila kwa kilevi na kamari, basi jibu lao liko mbele ya macho yao nalo laelea juu ya maji.

VYUMBA

Vyumba vya merikebu hizi huwa ni vya namna nne. Cha bei ya chini ni chumba cha ndani, kisicho na dirisha. Baada yake ni chumba chenye dirisha la kutazamia bahari lisilofunguka. Cha tatu ni chenye roshani yake, na cha nne ni vyumba vya fahari, ambavyo vingine vina ukumbi na mahali pa kulia chakula. Chumba cha kawaida ni kidogo, hakizidi sana ukubwa wa chumba kimoja cha nyumba zetu. Kila kitu kimebanwa mahali pake: kitanda, kabati, meza, na choo chenye sehemu ya kuogea.

Mambo matatu yafaa familia ya Kiislamu iyajue kabla ya kulipa fedha.

La kwanza ni choo. Vyoo vya merikebu hufyonza uchafu kwa nguvu ya hewa, na katika merikebu nyingi hakuna bomba la kustanjia, bali karatasi tu. Kwa hiyo mama wa nyumba asisahau kutia kopo katika mzigo. Ni kitu cha bei ndogo, lakini asiyenacho atataabika safari nzima.

La pili ni maji. Maji ya kunywa na kuoga katika merikebu hizi mengi hutengenezwa humo humo, kwa kuyachuja maji ya bahari mpaka chumvi yake itoke. Asiwepo mwenye kutia shaka juu ya udhu wake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliulizwa juu ya maji ya bahari, naye alijibu kuwa ni tohara. Ikiwa maji yenye chumvi yafaa kwa udhu, basi yaliyosafishwa yafaa zaidi. Lakini hayo hutengenezwa kwa nguvu za injini na moto mwingi, na mwenye kuyaacha yakimiminika bure amefanya israfu katika mahali ambapo israfu ni mbaya mara mbili.

La tatu ni stara. Familia yenye mabinti na wavulana waliokwisha pambanukiwa isijibane katika chumba kimoja kwa kutaka kupunguza gharama, na huku nyumbani yatenganisha malazi. Ziko merikebu zenye vyumba viwili vilivyounganishwa kwa mlango wa ndani, na hivyo ndivyo vya kutafutwa. Na mtumishi wa vyumba huingia mara moja au mbili kwa siku kutandika na kusafisha, basi watu wa nyumbani wajue nyakati zake, na waning'inize mlangoni kile kibao cha kukataza kuingia wanapokuwa hawako katika hali ya kuonekana.

MEZA

Katika mambo yote ya merikebu hizi hakuna linalosifiwa kama chakula, na hakuna penye mtihani mkubwa zaidi. Nauli ya abiria huwa imekusanya ndani yake milo yote ya kawaida. Kuna ukumbi mkubwa wa kulia, ambamo watu hukaa mezani wakaletewa sahani moja baada ya moja. Kuna meza za kujipakulia, zilizopangwa nyama, samaki, wali, mikate, matunda na halua za kila namna. Na kuna migahawa midogo yenye kulipiwa mbali.

Katika merikebu kama Aroya mtu hupata salama ya kuwa chakula ni halali. Katika nyingine nyingi mambo si hivyo. Nguruwe huwekwa karibu na ng'ombe, kijiko kile kile huhamishwa sahani hii mpaka ile, mchuzi hutiwa mvinyo, na halua hutiwa jelatini isiyojulikana asili yake. Na nyama ya ng'ombe au kuku isiyokuwa na nguruwe si lazima iwe imechinjwa ipasavyo. Dawa yake ni kuuliza mapema. Kampuni nyingi hupokea maombi ya chakula maalumu zikiandikiwa wiki kadha kabla ya safari, na mpishi mkuu hufika mezani kueleza akiitwa. Asiyepata hakikisho ana samaki, mayai, mboga na matunda, na madhehebu yetu ya Imamu Shafi imetupa wasaa mkubwa katika vitu vya baharini. Mtu hafi kwa kuikosa nyama siku saba.

Lakini tusidhani kwamba chakula kikiwa halali basi hesabu imekwisha. Hapa ndipo twataka ndugu zetu watusikilize vizuri. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-A'raf aya ya 31, ametupa rukhsa ya kula na kunywa, na papo hapo akatukataza kupita mpaka. Rukhsa na katazo zimekuja pamoja katika aya moja. Basi mtu anayejaza sahani tatu kwa kuwa "tumekwisha lipa", akala robo na kuziacha nyingine zikatupwe, hawezi kujitetea kwa kusema kuwa nyama ilikuwa ni ya halali. Halali iliyotupwa jaani ni hoja juu ya mwenye kuitupa.

Watoto hujifunza hapo kuliko wanavyojifunza darasani. Mtoto ambaye nyumbani hufundishwa kuokota punje ya wali iliyodondoka, akimwona babake anaacha sahani nzima kwa sababu tu yuko merikebuni, atafahamu kwamba adabu ile ilikuwa ni ya umaskini na si ya dini. Akishaifahamu hivyo ni kazi ngumu kumrudisha. Yafaa baba aanze kupakua kidogo mbele ya watoto wake, amalize, kisha aongeze akitaka.

Na jambo jingine dogo lenye faida kubwa ni kunawa mikono. Pale penye meza za kujipakulia, ugonjwa wa kutapika na kuharisha huenea upesi kwa mikono ya watu. Madaktari wamekwisha eleza kuwa virusi vya norovirus, ambavyo ndivyo visababishavyo maradhi hayo mara nyingi katika merikebu, haviuawi vizuri na zile dawa za kupaka zenye spiriti, na kwamba sabuni na maji ni bora. Sunna tuliyoirithi kwa wazee wetu yatutosha.

STAREHE NA KADI YA CHUMBA

Michezo iliyo merikebuni ni mingi, na mingi katika hiyo haina ubaya. Kuna kuogelea, kupanda kuta, mipira, maktaba, na vyumba vya watoto vilivyogawanywa kwa umri. Ubaya huja kwa mambo matatu yanayojulikana, yaani kamari, ulevi, na kuchanganyika kusikokuwa na haya. Mwenye kupanda merikebu ambayo mambo hayo yamo, na ajue kwamba atapita mbele yake asubuhi na jioni, kwani mara nyingi njia ya kwenda kula imepitishwa makusudi kando ya meza za kamari. Ikiwa iko merikebu isiyokuwa na hayo, kuichagua ni katika kuilinda dini. Ikiwa haiko, basi afadhali mzee wa nyumba ajiulize kama nafsi za vijana wake zaweza mtihani huo, asije akanunua majuto kwa fedha yake mwenyewe.

Jambo la nne halitajwi sana, nalo ni kadi. Merikebuni fedha haitolewi mkononi. Kila abiria hupewa kadi inayofungua chumba chake, na kadi hiyo hiyo hutumiwa kununulia vitu. Mtu hunyoosha kadi kwa soda, kwa picha, kwa kufuliwa nguo, kwa intaneti, wala haoni kitu kinachotoka mfukoni, mpaka siku ya mwisho hesabu ikasomwa. Wengi wamelia siku hiyo. Na yule atakayelipa hesabu hiyo kwa mkopo wa benki wenye riba, amekwenda kustarehe wiki moja ili alipe dhambi mwaka mzima. Baba na aweke kiwango tangu siku ya kwanza, naye akitazame kila jioni.

SALA BAHARINI

Msafiri wa halali amepewa takhfifu ya kupunguza na kukusanya sala kwa masharti yaliyoelezwa katika vitabu vya fiq-hi. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi rukhsa hiyo hapewi mtu ambaye safari yenyewe ameifanya kwa ajili ya maasi. Hilo latosha kumfanya kila mtu aitazame nia yake kabla ya kufunga mzigo.

Sala ya faradhi husaliwa kwa kusimama, kwa kuelekea Kibla. Merikebu kubwa zina mapezi ya chuma ubavuni yanayopunguza mrama, hata mara nyingi mtu hahisi kama yuko baharini, basi udhuru wa kukaa si mwepesi kupatikana. Anayelevywa na bahari asiweze kusimama, na akae. Ama Kibla, hubadilika kadiri merikebu inavyogeuka. Anayetoka Jedda kuelekea kaskazini huiacha Makka nyuma ya mgongo wa merikebu, na anaporudi huwa mbele yake. Ramani inayoonyesha merikebu ilipo huwekwa katika televisheni ya chumba, na dira ya simu husaidia. Merikebu ikigeuka na mtu yumo ndani ya sala, naye hugeuka pamoja nayo.

WALE WALIO CHINI

Abiria huziona sitaha za juu tu. Chini yake kuna sitaha za watumishi, ambako wapishi, wafuaji, wasafishaji na mafundi hulala wawili au zaidi katika chumba kimoja kidogo, mara nyingi bila ya dirisha. Wengi wao ni watu wa Ufilipino, India na Indonesia, na ndani yao mna Waislamu wengi. Huacha wake na watoto wao kwa miezi sita, minane, hata tisa.

Mkataba wa kazi za baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, umewawekea haki zao. Kipimo kimoja kilichowekwa humo ni kwamba mapumziko yasipungue saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba. Msomaji akipiga hesabu ataona kuwa saa zilizobaki katika wiki ni 91, na zote hizo zaweza kuwa za kazi. Mkataba huo pia umeamuru mabaharia walishwe bure, na kwamba katika chakula chao iangaliwe dini yao.

Basi yule kijana anayekuondolea sahani huenda ameamka kabla ya alfajiri, na atalala baada yako. Msalimu. Muulize jina lake. Usimwite kwa kupiga vidole. Akiwa ni Mwislamu, jueni kwamba ni ndugu yenu, na akiwa si Mwislamu, jueni kwamba atauhukumu Uislamu kwa kukutazameni ninyi. Na bakshishi yake, ambayo kampuni nyingi huitia katika hesabu ya kila siku, asiende mtu kuomba ifutwe ili aokoe senti chache.

JEDDA YA WAZEE WETU

Tulianza na Jedda na huko ndiko tutakakomalizia. Wazee wetu wa pwani waliokwenda Hijja kwa majahazi na meli za moshi hawakuwa na vyumba. Mahali pa hujaji maskini palikuwa ni sitaha, upana wa mkeka wake. Chakula chake alikichukua mwenyewe, gunia la mchele, tende na samaki mkavu, na katika meli nyingi za mahujaji watu walijipikia wenyewe juu ya sitaha. Waliotoka kusini walisimamishwa katika kisiwa cha Kamaran, penye karantini iliyofunguliwa mwaka 1882, kabla ya kuruhusiwa kuendelea.

Na walipata makubwa zaidi ya hayo. Mnamo Agosti 1880 meli iliyoitwa kwa jina la bandari hiyo hiyo, Jeddah, ikiwa na mahujaji zaidi ya 900 kutoka Singapore na Penang, iliharibika karibu na Ras Asir katika pembe ya Afrika. Maji yakaingia. Nahodha na maofisa wake wakashuka katika mashua usiku, wakawaacha mahujaji wote. Walipofikishwa Aden walisema kuwa meli imezama na watu wake. Haukupita muda ikaonekana meli ya Antenor ikiivuta Jeddah mpaka bandarini, na mahujaji wamo ndani wazima, kwa kuwa walikuwa wameyateka na kuyamwaga maji kwa mikono yao.

Twayataja haya kwa sababu moja. Wako kati yetu watu waliojaaliwa uwezo ambao wazee wale hawakuuota, na Hijja yao bado ni deni. Wanazuoni wamekhitilafiana kama mwenye uwezo lazima aende papo hapo au yafaa aakhirishe, lakini hawakukhitilafiana kuwa ni faradhi. Makka iko kiasi cha kilomita 80 kutoka bandari ya Jedda. Itakuwa ni msiba mtu apande merikebu ya matembezi bandarini hapo, ale, aogelee, arudi kwao, kisha mauti yamfikie na hali hajapata kuzipanda zile kilomita 80.

Hatusemi starehe ya halali iachwe. Twasema ipangwe mahali pake, deni la Mola kwanza, kisha haki ya wazazi na jamaa, kisha matembezi. Na baba atakayewajibu wanawe, "Tutakwenda Jedda kwanza kwa jambo jingine, na baada yake, Mungu akipenda, tutatazama bahari," atakuwa amewafundisha kwa jibu moja yale ambayo hotuba nyingi hazikuwafundisha.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi katika bara na bahari, awape salama wote walio safarini na wanaowatumikia, na atujaalie sote kuifikia Nyumba yake kabla ya kufikiwa na ajali. Amin.